Utabiri wa Raga Bila Daftari ni Wizi wa Mchana

Leo sitaandika kuhusu seva, wala kuhusu lugha mpya ya kuandikia programu. Leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na wauzaji wa utabiri wa mechi waliojaa hapa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu mpaka Meru, na hasa wale ambao baada ya kuwachosha watu kwa kandanda sasa wamevamia raga.

Mnawajua. Ikikaribia mechi ya kimataifa, iwe ni Simbas wetu dhidi ya Uganda au Afrika Kusini dhidi ya New Zealand, simu huanza kulia. Mechi ya uhakika! Asilimia mia kwa mia! Tuma shilingi 200 upewe alama kamili! Siku hizi wameongeza na pambo jipya: eti utabiri umetolewa na akili unde. Kijana wa bodaboda aliyekaa karibu na Whispers Park akingoja abiria anasoma ujumbe huo, anatuma 200, anaongeza 500 ya kubeti, na jioni anachukua Fuliza ili atie petroli. Hiyo ndiyo sababu ya ugomvi wangu. Hizo ni pesa za unga.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho: mtu anayetabiri mechi bila kutaja uwezekano kwa namba, bila kuandika kabla mpira haujapigwa, na bila kuonyesha daftari la alizopata na alizokosa, huyo hatabiri. Anauza upepo. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na utabiri ni hivyo hivyo.

Raga inatabirika, tusikatae

Nianze kwa kuwapa haki yao. Raga ya wachezaji 15 kila upande inatabirika kuliko kandanda, na sababu yake ni hesabu tu, si uchawi. Katika kandanda bao moja la bahati linaweza kumaliza kazi. Katika raga trai ni alama 5, mkwaju wa ziada baada ya trai ni 2, penalti ni 3, dropu goli ni 3, na mechi huchukua dakika 80. Timu hupata nafasi nyingi za kufunga, na nafasi zikiwa nyingi, bahati huzidiwa nguvu na uwezo. Ni kama kurusha shilingi hewani. Ukirusha mara 3 unaweza kupata vichwa vitupu. Ukirusha mara 300, sahau. Zaidi ya hayo, sare katika raga ni nadra, kwa hiyo kwa kawaida unachagua kati ya mambo mawili tu, si matatu.

Lakini sasa punguza wachezaji wawe 7 na dakika ziwe 14, uone mambo yanavyogeuka. Machi 2009 kule Dubai, kwenye Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande, New Zealand, Fiji, Afrika Kusini na Uingereza zote zilitolewa robo fainali, siku moja! Fiji ilitolewa na nani? Na sisi! Kenya 26, Fiji 7. Nusu fainali ikawa ya Wales, Samoa, Argentina na Kenya, na kombe likaenda Wales, timu ambayo watu wachache sana walikuwa wameifikiria. Kisha Aprili 2016, Shujaa wakaichapa Fiji hiyo hiyo 30-7 katika fainali ya Singapore, na miezi minne baadaye Fiji ikachukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Timu bora duniani ilipigwa na sisi alama 23, na bado ilikuwa timu bora duniani. Dakika 14 ni chache mno, bahati haipati muda wa kuchoka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuza utabiri ni hili: hii ni raga ya 15 au ya 7? Akikupa "uhakika" ule ule kwa zote mbili, mfunge kwenye simu yako hapo hapo.

Tuingie jikoni

Watu hudhani hesabu za utabiri ni siri kubwa ya wataalamu wa Ulaya. Sivyo. Shirika la World Rugby lina orodha ya viwango vya timu za taifa tangu Oktoba 2003, na kanuni zake ziko wazi kwa kila mtu. Kila timu ina alama kati ya 0 na 100. Timu mbili zikicheza, mmoja anamnyang'anya mwenzake alama. Kanuni zenyewe hizi hapa:

1. Timu iliyo nyumbani huongezewa alama 3 kwenye hesabu, maana kucheza nyumbani ni faida.
2. Tafuta pengo kati ya timu mbili. Likizidi 10, lihesabu kama 10.
3. Mwenye kiwango cha juu akishinda, hupata 1 ukiondoa moja ya kumi ya pengo. Akishindwa, hupoteza 1 ukijumlisha moja ya kumi ya pengo.
4. Ushindi wa zaidi ya alama 15 uwanjani huzidisha hesabu hiyo mara 1.5. Mechi za Kombe la Dunia huzidishwa mara 2.

Basi, hakuna kingine kikubwa. Unaweza kuiandika kwenye lahajedwali yoyote, hata ile ya bure ya kwenye simu.

Sasa tuifanyie kazi. Tuseme Kenya iko mbele ya Uganda kwa alama 2 kwenye orodha (namba kamili angalieni wenyewe siku ya mechi, hubadilika). Mechi ikiwa Nairobi, ongeza 3 za nyumbani, pengo linakuwa 5. Kenya ikishinda kwa kawaida inapata 0.5. Ikishindwa inapoteza 1.5. Mwone mwenyewe: ili Kenya isipate hasara kwa muda mrefu, lazima ishinde mechi 3 kati ya kila 4 za namna hiyo. Maana yake kanuni yenyewe, bila kusema kwa sauti, inatabiri kwamba Kenya ina asilimia 75 ya kushinda!

Peleka mechi hiyo hiyo Kampala. Sasa zile 3 ni za Uganda. Kenya yenye alama 2 mbele inakuwa nyuma kwa 1. Piga hesabu upya: asilimia 45. Timu ni zile zile na wachezaji ni wale wale, lakini kubadilisha uwanja tu kumetoa 75 kukaweka 45. Sasa niambieni, wale wanaotuma "Kenya uhakika" bila hata kutaja mechi inachezwa wapi, wanajua wanachokiuza?

Kanuni hii ina kasoro zake, na mtu mwaminifu huzitaja. Pengo likifika 10, aliye juu akishinda hapati kitu, yaani kanuni inamhesabu kana kwamba ana asilimia 100. Hakuna kitu cha asilimia 100 katika raga. Tarehe 19 Septemba 2015, mjini Brighton, Afrika Kusini ilikutana na Japan katika Kombe la Dunia. Pengo lilikuwa zaidi ya 10. Kwa kanuni, Afrika Kusini hawakuwa na chochote cha kupata kwa kushinda. Matokeo: Japan 34, Afrika Kusini 32, kwa trai ya dakika za mwisho kabisa. Fomula ilikuwa na daftari, kwa hiyo tulijua imekosea kwa kiasi gani. Muuza utabiri akikosea hufuta ujumbe na kubadilisha laini ya simu. Tofauti yao ni hiyo.

Makosa ya baa

Sasa niwageukie wachambuzi wa mezani, wale ambao hawauzi chochote ila maneno yao ndiyo malighafi ya wauzaji. Ukikaa kutazama raga Nyeri mjini au Nanyuki utayasikia makosa manne, kila mara.

Kosa la kwanza ni kumbukumbu. Julai 2025, fainali ya Kombe la Afrika ilichezwa Kampala kati ya Zimbabwe na Namibia, na mshindi alikuwa anaenda moja kwa moja Kombe la Dunia la 2027 kule Australia. Watu wakasema Namibia, kwisha. Kwa nini? Kwa sababu Namibia ilikuwa imecheza kila Kombe la Dunia kuanzia 1999 hadi 2023, na Zimbabwe haikuwa imeonekana huko tangu 1991. Kumbukumbu nzuri, lakini ni ya zamani. Mtu mwenye daftari angeona kwamba Zimbabwe ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika wa 2024, na kwamba njiani kuelekea ubingwa huo iliitoa Namibia hiyo hiyo katika nusu fainali. Zimbabwe ikashinda 30-28. Na hapa pia tuwe waangalifu: alama 2 ni chini ya penalti moja. Anayejigamba leo kwamba "alijua" anakudanganya. Penalti moja ingemgeuza kuwa mjinga. Jibu sahihi kabla ya mechi lilikuwa kitu kama nusu kwa nusu, na hakuna muuzaji anayeuza nusu kwa nusu kwa sababu haina mnunuzi.

Kosa la pili ni mnyororo. A alimpiga B, B alimpiga C, basi A atampiga C. Kombe la Dunia la 2023 kule Ufaransa lilivunja mnyororo huo vipande vipande. Ureno iliishinda Fiji 24-23. Fiji iliishinda Australia 22-15. Kwa hesabu ya baa, Ureno ingeipiga Australia alama 8. Lakini Ureno na Australia walikuwa wamekutana katika kundi hilo hilo, na Australia ilishinda 34-14. Nguvu ya timu si rula, ni kitu kinachopanda na kushuka kila wiki, na staili ya mpinzani nayo ina maneno yake.

Kosa la tatu ni mechi moja. Mwaka 2014 kule Antananarivo, Kenya iliifunga Namibia 29-22, na nchi nzima ikaanza kupanga safari ya Kombe la Dunia la Uingereza 2015. Kisha siku ya mwisho tukapigwa na Zimbabwe 28-10, na Namibia ndiyo iliyokata tiketi. Mechi moja nzuri ni habari njema, si kiwango kipya.

Kosa la nne linauma, maana ni la moyo. Ni uzalendo. Simbas walienda Marseille 2018 kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, wakapoteza mechi zote 3. Wakaenda Dubai 2022 kwa jambo hilo hilo, wakapoteza zote 3, ikiwemo 85-0 dhidi ya Ureno. Kila safari kulikuwa na watu waliouza "safari hii ni yetu". Mimi nawapenda Simbas kama mnavyowapenda nyinyi. Shangilia kwa moyo wako wote, lakini usitumie moyo huo huo kupiga hesabu. Na anayekuuzia moyo wako mwenyewe kwa shilingi 200 ni mtu hatari.

Hila ya watu 800

Pengine utaniuliza: mbona yule jamaa wa kwenye simu alinipatia mechi 4 mfululizo, na zote zikawa kweli?

Haya, niwaonyeshe inavyofanyika. Nina orodha ya namba za simu 800. Mechi ya kwanza, watu 400 nawaambia Kenya itashinda, na 400 wengine nawaambia Uganda itashinda. Bure kabisa, sitaki hata senti. Mechi ikiisha, 400 waliopata utabiri mbaya nawasahau. Kwa 400 waliobaki, mechi ya pili, nagawanya 200 na 200. Mechi ya tatu, 100 na 100. Mechi ya nne, 50 na 50. Baada ya mechi 4, kuna watu 50 duniani ambao wameona kwa macho yao nikipatia mara 4 mfululizo bila kukosa hata moja. Hao sasa ndio nawaomba pesa. Sijui chochote kuhusu raga. Sijui hata mpira wake una umbo gani! Hao 50 watakula kiapo kwamba mimi ni nabii, na watawaambia na binamu zao.

Programu ya kufanya hivyo naiandika kabla chai haijapoa. Na ndiyo maana nasema daftari. Daftari la wazi, moja kwa wote, lingeonyesha kwamba niliwaambia watu 400 Kenya na watu 400 Uganda. Hila hii huishi gizani tu.

Wazee wetu huku mlimani husimulia habari za Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wagikuyu, kwamba aliwaonya watu kuhusu wageni na nyoka wa chuma atakayekuja. Iwe unaamini au huamini, angalia jambo moja: aliwaambia watu wote neno lile lile, hadharani. Hakumwambia huyu reli itakuja na yule reli haitakuja.

Na akili unde je?

Nimewahi kuombwa na mteja mmoja, ambaye simtaji, nimtengenezee programu ya simu ya kutabiri mechi. Alitaka gurudumu linalozunguka kwenye skrini, maneno ya "inachambua data", kisha matokeo, na chini yake maandishi makubwa: usahihi asilimia 98. Nikamuuliza hiyo 98 itatoka wapi. Akanijibu kwamba itatoka kwa mtu wa kuchora picha. Nilikataa kazi hiyo, na sina shaka kuna aliyeichukua.

Ndugu zangu, mashine haiwezi kujua kitu ambacho hakikuandikwa popote. Simbas hucheza mechi chache za kimataifa, kuna miaka unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Namba za skramu ngapi zilishinda, laini-auti ngapi zilipotea, nani alicheza dakika ngapi, nyingi hazipo mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuzipata. Zile programu za kuzungumza nazo zimefunzwa kuandika sentensi zinazosikika vizuri. Ukiziuliza Kenya na Uganda zitaishaje zitakupa alama kamili kwa sauti ya daktari bingwa. Ziulize tena kesho uone kama zitakupa alama zile zile. Akili unde bila data ni shabiki mwenye Kiingereza kizuri.

Hesabu ya mwenye duka

Hata ukiwa na utabiri mzuri wa kweli, bado kuna mwenye duka, na mwenye duka hafungui duka ili akupe hela. Tuseme kampuni imeweka mstari wa raga katikati kabisa, upande huu 1.85 na upande ule 1.85. Ukiweka shilingi 100 kwenye kitu ambacho ni nusu kwa nusu, kwa wastani unarudishiwa 92.50. Shilingi 7.50 zimebaki dukani. Si nyingi, unasema? Sasa tengeneza mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Kila mechi inakata sehemu yake juu ya iliyokatwa, na mwisho wastani wa 100 yako ni kama shilingi 46. Na uwezekano wa mkeka huo kuingia ni mmoja katika 1,024. Muuza utabiri anakupa mkeka wa 10 kwa sababu zawadi yake inaonekana kubwa kwenye skrini. Na kama angekuwa anajua kweli, mbona auze kwa 200? Angeweka mwenyewe, kimya kimya, akanunua shamba Mweiga.

Aprili 2025 bodi ya kamari nchini ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Vizuri. Lakini muuza utabiri hakuwa kwenye televisheni. Alikuwa ndani ya simu yako, na huko hakuna aliyemgusa.

Basi tufanyeje?

Dawa ni rahisi na haina gharama. Mwambie kila anayetabiri aandike asilimia, kisha mpe alama kama mwalimu. Kipimo kipo tangu 1950, kilitungwa na mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Glenn Brier. Chukua uwezekano uliotaja, toa kutoka kwa kilichotokea (1 kama kimetokea, 0 kama hakikutokea), zidisha jibu kwa lenyewe. Alama ndogo ndiyo nzuri. Ukisema asilimia 80 na ikawa kweli, 0.2 mara 0.2 ni 0.04. Ikawa uongo, 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Anayesema nusu kwa nusu kila siku, bila kufikiri, hupata 0.25.

Sasa mpime bwana asilimia mia. Tuseme ni hodari, amepatia mechi 7 kati ya 10. Katika 3 alizokosa amepata 1 kila moja, kwa hiyo wastani wake ni 0.30. Yaani ni mbaya kuliko yule asiyejua lolote aliyesema nusu kwa nusu! Mwenzake aliyechagua timu zile zile lakini akasema asilimia 70 kila mara anapata 0.21. Wote wawili walichagua sawa. Kiburi ndicho kilichomwangusha wa kwanza. Mkulima wa Tetu au Mathira analijua hili bila fomula: asubuhi akitazama Mlima Kenya, hupanga kazi ya shamba kwa mvua inayoweza kuja na inayoweza kukataa. Hauzi ng'ombe kwa sababu ya wingu moja.

Na msiniambie mambo haya ni ya Nairobi au ya wazungu. Juni 2015 mafunzo ya Data Science Africa yalifanyika hapa hapa Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Watafiti wa chuo hicho wamefunga vifaa vya kupima kina cha maji ya mto Muringato, na vingine vya kusikiliza sauti za ndege msituni. Kama tunaweza kuhesabu ndege kwa sauti zao, tunashindwaje kuandika skramu za mechi za raga? Mwanafunzi mmoja mwenye simu na lahajedwali, akikaa pembeni mwa uwanja kila Jumamosi ya ligi, kwa misimu miwili atakuwa na data ya raga yetu ambayo hakuna kampuni ya kubeti iliyo nayo. Na kocha angeihitaji kuliko mcheza kamari. Hapo ndipo utabiri una maana: kumwambia kocha kwamba timu yake huachia penalti nyingi baada ya dakika ya 60, ili arekebishe kabla ya Kampala.

Na mimi nitoe wangu, nisije nikaonekana wa kusema tu. Kenya na Uganda hukutana mara kwa mara, na Kombe la Elgon kwa kawaida hupiganiwa nyumbani na ugenini. Mechi yao ijayo ikichezwa Nairobi, nasema Kenya asilimia 72. Ikichezwa Kampala, nasema asilimia 52, maana Julai 2025 Kenya iliitoa Uganda robo fainali ya Kombe la Afrika huko huko Kampala, mbele ya mashabiki wake, nami naipa hiyo uzito kidogo, si mwingi. Natarajia pengo dogo, alama 15 au chini. Natarajia nusu ya kwanza iwe ya penalti na kusukumana, na mechi ifunguke baada ya wachezaji wa akiba kuingia. Pengo likiwa alama 7 au chini ya hapo dakika ya 70, sahau namba zangu zote, kwa sababu trai moja na mkwaju wake ni 7. Orodha ya wachezaji ikitoka na nguzo wawili wa kwanza wa Kenya hawamo, napunguza asilimia 8. Mvua ikinyesha, napunguza pengo, si mshindi. Haya yote nimeyaandika, yana tarehe, na siwezi kuyafuta.

Kuna watakaosema namharibia mtu burudani, na kwamba kila mtu mzima ana haki ya kutumia pesa zake. Kweli, ana haki. Anayetaka kuweka 50 yake kwenye mechi akijua ni ya kuchoma kama tiketi ya sinema, sina neno naye. Ninayegombana naye ni anayemuuzia mwenzake giza na kuliita mwanga. Fundi saa akikuuzia saa isiyo na mishale utamrudishia. Utabiri usio na asilimia wala daftari ni saa ya namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo ujumbe wa "uhakika" ukiingia kwenye simu yako kabla ya mechi ijayo, mjibu kwa maneno mawili tu: leta daftari. Kisha ngoja. Mimi nimeshajaribu mara nyingi, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyelileta.